Sukari ya Alfajiri

Kwa miaka minne nilituhumiwa wizi wa chakula ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Tuhuma zilitolewa kwa upole, mara moja kila mwezi, kwenye kliniki ya sukari hapa Tanga. Nesi alilifungua daftari langu, akapitisha kalamu kwenye safu ya asubuhi, 10.8, 11.4, 9.9, 12.1, kisha akanitazama juu ya miwani: "Bibi, hebu niambie kweli. Usiku unakula nini?"

Sili kitu. Chakula changu cha mwisho ni saa 1 jioni, tena kidogo: samaki, kisamvu, na bada, yaani ugali wa muhogo, isiyozidi ngumi yangu. Nikipima kabla ya kulala napata 8 au chini ya hapo. Naingia kitandani na 7.8, naamka na 11.4, na katikati hakijapita kinywani hata kijiko. Nilipomweleza hivyo alicheka, akamwambia mwenzake kwamba wazee wa kliniki ile wote husahau walichokula. Mimi nimefundisha baiolojia sekondari miaka 31. Nimewashika watoto wengi wakinidanganya, kwa hiyo ile sauti ya "hebu niambie kweli" niliijua vizuri. Ilikuwa yangu.

Ikafika mahali nikajishuku. Nilitia kufuli kabati la jikoni, ufunguo nikampa mjukuu wangu. Asubuhi ikaja 11.9.

Dawa zikapanda. Metformini ilifika dozi ya juu, ikaongezwa gliklazaidi, na daktari akaanza kuitaja insulini ya usiku kwa ile sauti ya kumwandaa mtu. Kipimo cha miezi mitatu, kile cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa muda huo, kilikuwa asilimia 9.1. Hakuna aliyeniuliza nalalaje. Mimi mwenyewe sikuona kama ni jambo la kuulizwa. Nilikuwa naamka mara nne usiku kwenda msalani, nikasema ndiyo sukari hiyo. Naamka kichwa kizito kama nimelala juu ya jiwe, nikasema ni presha. Nilisinzia kwenye hitma ya jirani mpaka juzuu ikaniponyoka mkononi, nikasema ni uzee. Kila ugonjwa nilionao ulikuwa tayari kumbebea mwenzake mzigo.

Aliyefichua ni mjukuu wangu. Alikuja likizo, akalala chumbani kwangu kwa sababu chake kilikuwa kinapakwa rangi. Usiku wa tatu alihama na godoro kwenda sebuleni. Nilipomuuliza alisema joto. Nikambana, maana joto la Tanga halichagui chumba. Akanyamaza, akatoa simu, akasema, "Bibi, usinikasirikie."

Ilikuwa sauti ya dakika sita. Mwanzoni nilidhani ni lori linapanda Pongwe. Ni mkoromo, mzito, wa mtu mwenye kifua kikubwa. Halafu ukakatika. Kimya. Mwalimu hawezi kusikia kimya bila kuhesabu, nilifika 34. Kisha ukaja mkwaruzo kama wa mtu aliyetolewa majini, na mkoromo ukaanza upya. Katika dakika zile sita kimya kilitokea mara tano. Mjukuu wangu alikuwa analia. Alisema usiku wa kwanza alidhani nimekufa, akasimama juu yangu na tochi ya simu.

Siku ileile nilimpigia wifi yangu. Nilimuuliza moja kwa moja: marehemu kaka yako aliwahi kukwambia kwamba nakoroma? Alizunguka kidogo, akaulizia hali ya mvua, mwisho akakubali. Miaka yake ya mwisho mume wangu alikuwa akihamia kwenye kochi la sebuleni saa 6 za usiku. Aliniambia ni joto.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu hili halimo kwenye vipeperushi vya hospitali. Mwanamume akikoroma ni kichekesho. Atataniwa kazini, watoto watamwigiza, mkewe atamsema mbele ya mashemeji. Mwanamke akikoroma hakuna anayemwambia. Ni kama kumwambia ana harufu. Kwa hiyo unatunziwa heshima, watu wanahama vyumba kimyakimya, na wewe unabaki kitandani ukikabwa peke yako. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kitu juu ya maradhi ambayo mwenyewe amelala na wanaoyaficha ni wale wanaompenda. Na sisi wanawake tukishakoma hedhi, hatari ya kukata pumzi usingizini hupanda sana, wakati ambao ndio hasa kila mtu ameshaanza kutuita bibi na kutusitiri.

Nikamkumbuka shangazi yangu wa Pangani aliyekuwa akikabwa na jinamizi kila usiku. Aliwekewa kisu chini ya mto, akasomewa, akahamishwa chumba. Alikuwa mnene, shingo fupi, na alikuwa na sukari. Sisemi jinamizi lake lilikuwa hili. Nasema tu kwamba hakuna aliyekaa macho akamsikiliza.

Daktari niliyepelekwa kumwona Dar es Salaam alikuwa kijana ambaye ningeweza kuwa nimemfundisha. Aliniamkia, akachukua tepu kama ya fundi cherehani, akanizungushia shingoni: sentimita 41. Akaniuliza maswali manane, ndiyo au hapana. Nakoroma kwa sauti? Nachoka mchana? Yupo aliyeniona nimekata pumzi? Nina presha? Mengine ni uzito, umri, shingo, na jinsia. Baadaye nilisoma kwamba maswali hayo yalitungwa na Frances Chung na wenzake huko Toronto, yakatoka mwaka 2008, kwa ajili ya wagonjwa wanaokwenda kupasuliwa. Hayahitaji umeme wala maabara. Yangeweza kubandikwa ukutani kwenye kliniki yoyote ya sukari nchini, pale pembeni ya picha ya sahani ya chakula. Chama cha kimataifa cha kisukari kilikwisha kusema mwaka huohuo wa 2008 kwamba mgonjwa wa sukari aulizwe habari za usingizi wake. Mimi nimekaa chini ya ile picha ya sahani miaka minne.

Nikapewa kifaa cha kulala nacho usiku mmoja: mkanda kifuani, mpira mwembamba puani, kibanio cha kidoleni. Majibu yalisema napungukiwa hewa au nakata pumzi kabisa mara 38 kwa saa. Chini ya 5 ni kawaida, kuanzia 30 ni hali kali. Kila kituo cha pumzi kinachohesabiwa sharti kidumu sekunde 10 au zaidi. Oksijeni yangu ilikuwa ikiporomoka hadi asilimia 71. Piga hesabu kwa usiku wa saa saba: mara 266.

Sasa sukari inaingiaje? Koo nimelichora ubaoni mara zisizohesabika, na bado ilinibidi nikae na kalamu. Ukilala misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi yetu, kwa sababu ya shingo, taya, uzito au umri, ulimi na nyama laini za nyuma hushuka zikaziba njia. Kifua kinavuta, hewa haipiti, oksijeni inashuka. Ubongo unapiga kelele, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, mtu anazinduka nusu, anavuta pumzi kwa kishindo, analala tena na wala hakumbuki. Adrenalini ni homoni ya kumkimbia simba, na mojawapo ya kazi zake ni kuliamuru ini lifungue ghala. Ini linatii. Glukosi inamwagwa kwenye damu ili miguu ipate nguvu. Lakini mimi sikimbii popote, nimelala ubavu Chumbageni. Kotisoli nayo inaongezeka, na mbele yake insulini inakuwa kama mwalimu wa zamu aliyepoteza sauti: yupo, hasikilizwi. Rudia hilo mara 266.

Kwa hiyo nesi alikuwa nusu sahihi. Kweli nilikuwa nakula usiku. Nilikuwa nalishwa na ini langu.

Hata safari za msalani zilikuwa na maelezo mengine. Moyo ukivutwa na kifua kinachopigana na koo lililofungwa, hutanuka, ukadhani damu imezidi, ukatoa homoni ya kuziamuru figo zipunguze maji. Sukari pia hukojoza, sikatai. Ila wote tulikuwa tumempa sukari kesi nzima.

Tiba ni mashine ya CPAP, ambayo nyumbani tunaiita sipapu. Ni feni ndogo inayosukuma hewa kupitia bomba na barakoa, na ile hewa inakaa kooni kama mtu aliyesimama mlangoni asiuache ufunge. Basi, hakuna dawa ndani yake. Aliyeibuni ni Colin Sullivan, daktari wa Sydney, mwaka 1980. Alitumia mota ya aina ile ya kufyonza vumbi, akaigeuza isukume badala ya kuvuta. Majibu ya wagonjwa wake watano wa kwanza yalichapishwa 1981. Kabla ya hapo tiba ya wenye hali kali ilikuwa kutobolewa koo wapumulie shingoni. Nikiona uvivu wa kuvaa barakoa huwa nawakumbuka hao.

Yangu ilitoka Muscat. Mdogo wangu wa kiume yupo huko mwaka wa ishirini na kitu; nilimtajia tu, akasema, "Dada, usiseme sana," na baada ya wiki tatu ikaja na mtu aliyekuwa anarudi likizo, imefungwa ndani ya kanga na tende. Hilo naliandika kwa sababu ndiyo hali halisi. Pensheni ya mwalimu hainunui mashine hii kirahisi, na wengi huangukia zilizotumika. Ukipata iliyotumika, uliza modeli na mwaka: 2021 mamilioni ya mashine yaliondolewa sokoni duniani kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza kelele ilikuwa inamomonyoka na kuingia kwenye hewa. Nyingine hazijulikani zimeishia wapi.

Mwezi wa kwanza ulikuwa vita. Barakoa ilivuja hewa machoni. Nilijifunga kilemba chembamba ili mikanda isiniumize. Kitangi cha maji cha kulainisha hewa kilitaka maji yasiyo na chumvi, na kijana wa duka la spea akaniletea maji ya betri kwa moyo safi kabisa. Nilinusa kwanza, kwa mazoea ya maabara. Maji ya betri mengine yametiwa asidi. Tafadhali nendeni famasi. Kisha ukaja mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023. Ukikatika usingizini, hewa inapungua kwenye barakoa, unashtuka kama umefunikwa blanketi usoni. Fundi alinifungia betri ya gari na kifaa chake, na nikagundua kwamba nikizima kile kitangi, betri inafika asubuhi.

Baada ya wiki mbili kichwa kikawa chepesi. Msalani mara moja. Niliangalia taarifa ya habari mpaka mwisho bila kusinzia, nikashangaa jinsi ilivyo ndefu. Na sukari? Miezi miwili: 10.9, 11.2, 10.4. Vilevile.

Nilikasirika. Nilikuwa nimeshawatangazia watu.

Mtu aliyesomea sayansi akikasirika husoma, na nilichokuta hakikunifurahisha. Utafiti wa 2005 wa wagonjwa 25 ulionyesha sukari ya baada ya kula ikishuka, hasa kwa waliovaa zaidi ya saa nne. Mwaka 2007 Waingereza wakachukua wanaume 42 (wanaume watupu, nikaguna), nusu wakapewa mashine ya kweli na nusu ya bandia, miezi mitatu: sukari haikutikisika. Mwaka 2016 zikatoka mbili kwa pamoja. Ya Madrid, wagonjwa 50 ambao sukari yao ilikuwa haijadhibitiwa vizuri, kipimo cha miezi mitatu kilishuka baada ya nusu mwaka. Ya pili, kubwa zaidi, ya nchi kadhaa na wagonjwa karibu 300 ambao sukari yao haikuwa mbaya sana, haikuona tofauti. Anayekwambia sipapu inatibu kisukari anakuuzia kitu. Anayekwambia haihusiki kabisa, huyo naye kasoma nusu.

Kwa sababu ukichungulia ndani unakuta swali ambalo mwalimu yeyote angeliuliza: walivaa kwa muda gani? Wale wanaume wa Uingereza, wastani wao haukufika saa nne kwa usiku. Ni kama kumpa mtoto nusu ya vitabu na kushangaa amepata nusu ya maksi. Kisha nikakuta kazi mbili za Chicago. Ya kwanza, 2014, ilitazama ni sehemu gani ya usingizi ambayo kukata pumzi kwake kunakwenda na sukari mbaya. Ikaonekana ni usingizi wa ndoto. Katika usingizi huo misuli hulegea kuliko wakati mwingine wote, koo likiwemo, na vituo vya pumzi huwa virefu. Na usingizi wa ndoto haugawanywi sawa. Sehemu kubwa yake huja nusu ya pili ya usiku, kuelekea alfajiri. Wakapiga hesabu: ukivaa mashine saa nne za mwanzo tu, takriban asilimia 60 ya usingizi wa ndoto inabaki bila kinga. Ya pili, 2015, iliwalaza maabara watu ambao sukari ndiyo kwanza inaanza kupanda, wakavalishwa mashine saa nane kamili kila usiku kwa wiki mbili, chini ya uangalizi. Miili yao ikaanza kuimudu glukosi vizuri zaidi.

Nikaenda kuifungua sipapu yangu. Huwa inaweka kumbukumbu. Wastani: saa 3 na dakika 50.

Nilijua hata dakika zilipopotelea. Nalala saa 4 usiku. Saa 8 naamka, navua, naenda msalani, narudi, nasema leo inatosha. Saa 11 naswali alfajiri, kisha najilaza tena mpaka saa 1, kile kiusingizi kitamu chenye ndoto zote za dunia. Kile ndicho nilikuwa nalala kichwa wazi. Usiku wa kinga niliutumia pale ambapo haukuwa na hatari sana, na saa za mwizi nikaacha mlango wazi.

Kazi ikawa moja tu, kurudisha barakoa. Mjukuu aliandika RUDISHA kwenye karatasi, akabandika mlango wa msala. Baada ya sala navaa tena, na kama sivai, basi silali. Nakwenda kumwagilia mchicha. Wiki ya tatu nikaanza kuona 9.2, 8.8. Mwezi wa pili 8.1, 7.9, siku moja 7.2 ambayo niliipima tena nikidhani kibanzi cha kupimia kimeharibika. Baada ya miezi sita kipimo cha miezi mitatu kilikuwa 8.2 kutoka 9.1. Si muujiza. Tena mtu aliyeamka vizuri hutembea, nami nilianza kwenda Raskazone kwa miguu jioni, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ile tofauti yote ni ya hewa. Kilo mbili niliongezeka, jambo ambalo sipapu huwafanyia baadhi ya watu na halitajwi dukani. Lakini ile insulini ya usiku daktari ameiahirisha, na gliklazaidi ameipunguza yeye mwenyewe, baada ya kuliona daftari.

Ramadhani ya 2024 ilinirudisha nyuma. Tarawehe mpaka usiku, daku saa 10, usingizi ukagawanyika vipande vipande, na saa za sipapu zikashuka hadi 3. Namba za asubuhi zikapanda. Daktari alikuwa amenionya nisifunge kutokana na dawa ninazotumia. Nilifunga siku tisa kwa ukaidi, nikaacha. Hilo nalisema bila kujisifu.

Sasa kuna sindano pia. Desemba 2024 Marekani iliidhinisha tirzepataidi, dawa iliyoanzia kwenye kisukari na unene, itumike kwa watu wanene wenye kukata pumzi usingizini. Inapunguza uzito, shingo ikapungua, koo likapata nafasi. Maradhi mawili, dawa moja. Kwa mwili kama wangu inaleta mantiki kabisa. Bei yake nimeiona. Naendelea na feni.

Kliniki nilirudi na mashine yenyewe mfukoni, nikaiweka mezani juu ya daftari. Nesi akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia ndiyo chakula changu cha usiku. Aliisikiliza habari yote, na siku hiyo, nitampa haki yake, aliwauliza wawili walionifuata kama wanakoroma. Wa kwanza, mama wa Makorora, alisema hapana. Bintiye aliyekuwa nyuma yake alitazama chini.

Nami ninaye wangu. Mdogo wangu wa Muscat, huyuhuyu aliyenunua mashine, hutuma ujumbe wa sauti akiwa amejilaza, na mara mbili sasa amepitiwa katikati ya sentensi nikabaki nasikiliza. Mkoromo, halafu kimya, halafu ule mkwaruzo. Sukari aligunduliwa mwaka jana. Nimemwomba achukue tepu ajipime shingo. Wiki nzima hakujibu. Jana ameniandikia "45", na chini yake akauliza nazi Tanga siku hizi ni shilingi ngapi.